Alfabeti inayopotea ndani ya Zaburi

"Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu." Anayeisoma Zaburi 119 kwa Kiswahili hapungukiwi na maana hapa. Hata kipande cha pili kinavyoitikia cha kwanza anakisikia, ufundi ambao Robert Lowth, mtaalamu Mwingereza wa ushairi wa Kiebrania, aliueleza mwaka 1753 na ambao huvuka lugha bila taabu. Asichokiona ni kwamba, kwa Kiebrania, mistari minane kuanzia huo yote inafunguliwa na herufi nun. Zaburi nzima imefumwa hivyo: herufi 22, mistari 8 kwa kila herufi, jumla 176.

Wanaosema mfasiri aiache alfabeti hiyo wana hoja nzito. Sentensi ya Kiswahili hupenda kuanza na viambishi: ni-, u-, a-, wa-, ki-. Lazimisha mistari minane ianze na D, utaishia kusaka maneno kwa ajili ya herufi, na anayetaka kusali ataachiwa mafumbo. Mshairi wa Tanzania Mathias Mnyampala alipita njia nyingine, akazigeuza Zaburi kuwa utenzi wenye vina na mizani nane: pambo la Kiebrania likavuliwa, Zaburi zikavikwa letu. Mimi naipenda njia hiyo, ingawa vina navyo vina ushuru wake.

Lakini mpangilio huu si urembo mtupu. Katika Zaburi 145, ambayo nayo hufuata alfabeti, maandishi ya Kiebrania yaliyozoeleka yanaruka nun. Gombo moja la kale kutoka Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, linao mstari wa nun, na tafsiri ya kale ya Kigiriki pia. Wapo wanaodhani uliongezwa baadaye. Vyovyote iwavyo, bila alfabeti nani angeuliza kama kuna mstari uliopotea?

Kwa Zaburi, basi, ningeridhika herufi zichapwe pembeni. Maombolezo, kitabu kingine cha Biblia, ndiyo hayanipi raha. Yanalilia Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli, na Wayahudi huyasoma kila mwaka siku ya Tisha B'Av, siku yao ya kufunga na kuomboleza. Sura ya 1, 2 na 4 zinafuata alfabeti. Ya 3 inairudia kila herufi mara tatu. Halafu inakuja sura ya 5: mistari ni ileile 22, ila herufi hazina mpangilio tena. Aliyesoma sura nne za mwanzo bila kuiona alfabeti hawezi kuhisi kwamba hapa imevunjika, na tanbihi haimsaidii. Hapo ningemtaka mfasiri ajaribu, hata akifaulu nusu. Washairi wa pwani wamekwisha kutunga beti zinazofuata alifu, be, te za alfabeti ya Kiarabu. Kazi yenyewe si ngeni kwetu.