Kope Zimetoka, Bibi Harusi Hakutoka

Jamani, nani alinidanganya kwamba mpiga picha asiye na lenzi ya f/1.2 ni wa picha za pasipoti tu? Hiyo f ni tundu la kuingiza mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Nimekopa vikoba, nikanunua ya Canon, milimita 85. Hela ile ningepata bodaboda mpya na chenji ya mafuta. Uzito karibu kilo moja na robo, hapo kamera bado! Mdogo wake wa f/2 ana gramu 500 tu, lakini ukiingia naye ukumbini MC hakutaji.

Basi sendofu Mbagala. Nikalifungua tundu lote, 1.2, nikasimama mita moja na nusu kutoka kwa bibi harusi. Hapo panapoonekana vizuri ni kama sentimita mbili, kwingine kote ukungu. Na mwenzangu kabandika kope kama fagio la chelewa. Fokasi ikadaka kope. Zikatoka! Unazihesabu moja moja, mpaka gundi unaiona. Jicho lenyewe limefifia. Sikio sijui lilibaki saluni.

Mama mzazi akaja kuchungulia kamera. "Mwanangu, mapambo yetu yako wapi?"

"Ndiyo hayo mama, hayo mawingu ya pinki."

"Mawingu! Mpambaji kala milioni tatu! Na mashangazi?"

Mashangazi ni yale madoa sita ya kijani. Sare wameshonesha miezi miwili, nimewageuza mchicha.

Eti inasaidia gizani. Giza gani? Ukumbi una taa mpaka chini ya keki, na yule wa video kanimulika kama polisi wa doria. Ukiiacha hiyo ukachukua ya f/2, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, unaitoa 800 unaipeleka 2500, yamekwisha. Zeiss, wale Wajerumani wa lenzi, walitengeneza ya f/0.7 miaka ya 1960 kwa ajili ya NASA, wapige upande wa mwezi tusiouona. Sawa, mwezini hakuna luku. Mimi niko Mbagala!

Mwisho nikalibana tundu mpaka f/5.6, flashi juu, mashangazi mstari mmoja. Wakatoka wote sita, na mapambo yao, na mtoto wa jirani anayekula soseji nyuma. Mama akafurahi. Mimi shingo inauma, nimebeba tofali kupiga f/5.6.

Jumamosi nina harusi Tabata. Naibeba. Rejesho ni Jumatatu, lazima watu waione.