Ukimya wa darasani, Mtwara na huku niliko

Mwishoni mwa Mei 2013, wakati askari wa jeshi walikuwa wangali mitaani Mtwara kutokana na vurugu za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, kijana mmoja wa Msimbati alinyoosha mkono katika darasa langu la uchumi akauliza: "Mwalimu, gesi ikitoka kwetu, bei yake anapanga nani?" Lilikuwa swali halali la somo. Nilichukua dasta, nikafuta mchoro wa mahitaji na ugavi ambao ungemjibu, nikasema muda umekwisha, ilhali zilikuwa zimebaki dakika 20. Hakuna aliyenikataza kujibu. Mkuu wa idara alikuwa ametuambia asubuhi ile "tuwe na busara", basi.

Leo nafundisha chuo cha umma Marekani, na ndugu zangu wa Shangani huamini kwamba huku mtu husema lolote. Ni kweli kwamba Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, yanayolinda uhuru wa kusema, ni ya mwaka 1791, na kwamba mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria za New York zilizowabana wahadhiri kwa kuwashuku ukomunisti. Lakini kinga hiyo haivifungi vyuo binafsi, na wengi wetu tunaishi kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Mwaka jana niliondoa slaidi ya ramani za ubaguzi wa rangi katika mikopo ya nyumba, nikihofia simu ya mwanafunzi inayorekodi. Nilipobonyeza kitufe cha kufuta, nililikumbuka dasta lile.

Hata hivyo siwezi kusema ni mamoja. Bunge la Florida lilipopitisha mwaka 2022 sheria ya kubana ufundishaji wa masuala ya rangi, wahadhiri walikwenda mahakamani, na mwaka huohuo jaji akazuia utekelezaji wake vyuoni. Kwetu Tanzania, Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inatoa uhuru wa maoni, na Aprili 1990 wanataaluma wetu wenyewe walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, lakini katika miaka yote niliyofundisha Kusini sikuwahi kuliona azimio hilo katika ofisi ya walimu, wala kusikia likitajwa. Sheria ya Takwimu ilirekebishwa mwaka 2018 ikamtisha kila mwenye namba tofauti na za serikali. Mwaka 2019 makali yale yakapunguzwa, ila woga ulibaki, kwa sababu kwetu woga umepewa jina zuri la adabu.

Ninachotaka ni kidogo: mkataba wa kila mkufunzi, Mtwara au Lindi, uandike wazi kwamba kujibu swali la somo si kosa la kazi. Yule kijana wa Msimbati hakunyoosha mkono tena hadi muhula ulipokwisha.