Tembo wakimaliza shamba Liwale, Serikali ilipe nini?

Mahindi yakianza kubeba, wakulima wengi wa Liwale na Nachingwea, mkoani Lindi, huhamia shambani. Wanalala dunguni, wanapiga madebe, wanawasha moto, na bado kundi la tembo likiingia usiku mmoja linaweza kumaliza chakula cha mwaka mzima. Serikali hulipa kifuta jasho, yaani pole ya fedha isiyolingana na thamani ya hasara. Wakulima wanalalamika kuwa ni kidogo na huchelewa. Viongozi wanajibu kwamba sheria haikuahidi fidia.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 halikustahili chochote. Sasa linganisha na korosho, zao la biashara la huku, kwenye minada ya Oktoba 2024, bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo: 25,000 ni kilo 6 na ushee, na mkorosho mmoja uliopuliziwa dawa vizuri hutoa zaidi ya hapo. Tembo akifuata mabibo, yaani matunda ya mkorosho, huvunja matawi, pengine huangusha mti wenyewe. Mwenye mahindi atapanda tena mvua zikija. Mwenye mkorosho atasubiri miaka mitatu au zaidi. Kupima ekari na umbali bila kuuliza kilichokuwa shambani ni kumwonea.

Hata hivyo, hoja ya Serikali ina uzito. Tembo wa kusini hawakai ndani ya mipaka ya Pori la Akiba la Selous wala ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa humo mwaka 2019. Wana mapito yao hadi Msumbiji. Malipo manono jirani na mpaka yangewavuta watu kufungua mashamba kwenye mapito hayo, na huko watu hufa. Ukomo wa ekari 5 nao unazuia fedha kuishia kwa wenye mashamba makubwa. Hapo naafiki. Ila shamba lililomo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji si uvamizi, hata likiwa mita 300 kutoka mpakani, na mwenye shamba hilo hastahili kunyimwa.

Kinachoniuma zaidi ni kuchelewa. Taarifa huanzia serikali ya kijiji, maofisa wa wilaya hufanya tathmini, kisha makaratasi huenda wizarani. Huku nyumbani ghala ni tupu. Mkulima anaishia kwa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo, anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Hapo amepata hasara mara mbili, na ya pili haimo kwenye fomu yoyote.

Kwa hiyo kupandisha kiwango peke yake hakutoshi. Aliyeliwa mahindi au mpunga apewe nafaka ndani ya wiki chache, kutoka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mahindi hayahitaji kusubiri saini ya Dodoma. Fedha ya uwindaji wa kitalii, inayotokana na wanyama haohao, ichangie gharama. Mkorosho ulipwe kwa mti. Udanganyifu utajaribiwa, lakini vyama vya msingi vya ushirika na Bodi ya Korosho tayari vina kumbukumbu za wakulima zinazotumika kugawa salfa, dawa ya mikorosho, na mhakiki anaweza kuanzia hapo.