Tunajenga

Wenzangu wanatafuta presha hapahapa, Simba na Yanga. Mimi yangu nimeifuata Philadelphia, Marekani, kwa 76ers, timu ya kikapu ya ligi ya NBA.

Mechi zinaanza saa nane au saa tisa usiku kwa saa zetu. Najifunika shuka mpaka kichwani, mwanga wa simu usimwamshe mama Zawadi, kisha nashuhudia kipigo. Msimu wa 2013/14 tulifungwa mechi 26 mfululizo. Ishirini na sita! Hata watu wa kausha damu Jumapili hawagongi mlango.

Kumbe ni mpango. Meneja wetu, Sam Hinkie, alipofika 2013 alimchukua Jrue Holiday, katoka kucheza mechi ya nyota mwaka uleule, akampeleka New Orleans. Sisi tukapewa Nerlens Noel, goti limetoka kupasuliwa, pamoja na ahadi ya kuchagua kijana mwakani. Unatoa ng'ombe wa maziwa, unaletewa ndama anayechechemea na ahadi ya ndama mwingine.

Nikajaribu kuwaelewesha kijiweni. "Kule kuna drafti, ileile iliyompeleka Hasheem Thabeet wetu Memphis 2009."

Mzee mmoja akasogeza kizibo cha soda ubaoni. "Na hapa tunacheza nini?"

Nikafafanua kwamba vijana wapya wanachaguliwa kwa zamu, na anayeshika mkia ana nafasi kubwa kwenye bahati nasibu ya kuchagua mapema.

"Wa mwisho hashuki daraja?"

"Hashuki."

"Na anapewa zawadi?"

"Ndiyo, mzee."

Akafikiri. "Basi huyo meneja analisha kete, aje azile zote kwa mpigo." Hakuna mchambuzi wa redioni aliyewahi kunieleza vizuri hivyo.

Ila kulisha tulilisha jamani! 2014 tukamchukua Joel Embiid, Mkameruni, namba tatu. Mguu. Misimu miwili hakukanyaga uwanja. 2015/16 tukashinda mechi 10 kati ya 82, na Aprili Hinkie akajiuzulu kwa barua ya kurasa 13. Mimi nikiacha kazi naandika mistari miwili, mmoja wa kudai mshahara. 2016 Ben Simmons, namba moja. Mguu tena! 2017 tukawaongezea Boston dau, watupishe tumchukue Markelle Fultz. Bega. Mechi 14 msimu mzima. Boston wenyewe wakamchukua Jayson Tatum, ambaye leo ana pete ya ubingwa.

Na pale tulipokaribia kweli, 2019, mpira wa Kawhi Leonard wa Toronto uligonga ringi mara nne, muda umekwisha, ndipo ukaingia. Alfajiri ile nilikuwa nimesimama juu ya kitanda. Mtoto aliamka analia, nikaungana naye.

Kosa langu ni kumsimulia mama Zawadi. Sasa feni ikigoma ananiambia, "Majeruhi huyo, atarudi msimu ujao." Juzi nimetoka kazini hoi, nafunua hotpoti: ugali na matembele matupu.

"Nyama iko wapi?"

"Tunajenga, baba Zawadi. Nyama nimeibadilisha na ada ya mwakani."

"Ya Philadelphia ni mambo mengine. Kule Embiid alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, 2023!"

"Hongera yake. Ubingwa mlichukua lini mara ya mwisho?"

"1983."

Akahesabu kwa vidole. "Hata sijazaliwa."

Akafunika hotpoti.