Mama ananiuliza kwa nini Chicago wanauana

Mama hunipigia simu Jumatatu akishaswali Isha, wakati huku kwangu jua liko utosini. Miezi ya joto ndiyo humtia wasiwasi, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku magazeti na redio za Chicago hutoa hesabu ya wikendi, na siku hizi hesabu hiyo hufika Shela, mtaa wetu kule Malindi, kabla mimi sijaisikia: waliopigwa risasi wangapi, waliokufa wangapi. "Mwanangu, kwani hao watu wana nini?" Huwa namtuliza kwamba mimi nakaa kaskazini, karibu na barabara ya Devon, kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, na huku kumetulia. Ni kweli, lakini si jibu. Nafanya kazi ya kuwasaidia wauguzi katika hospitali iliyo upande wa kusini, na vijana ninaowabadilishia shuka kule ndio hao hao anaosomewa mama kwenye simu.

Lipo jibu rahisi ambalo Waafrika wengi tuliohamia hapa tumelimeza: kwamba Weusi wa Marekani wamezoea fujo, ndivyo walivyo. Nimelisikia harusini, nimelisikia kwenye futari, na mwaka wangu wa kwanza nililisema mimi mwenyewe. Ni neno baya, na hesabu zenyewe zinalikataa. Mwaka 1974 jiji hili liliua watu 970. Mwaka 1992 walizidi 900. Baadaye idadi ikashuka, na mwaka 2015 ilikuwa chini ya 500. Mwaka 2016 ikaruka ghafla ikapita 750, ikashuka tena, kisha 2020 ikapanda, na 2021 ikakaribia 800, kiwango ambacho jiji halikukiona tangu miaka ya tisini. Mwaka 2024 waliuawa 573. Miaka hii ya karibuni, kama wanane kati ya kumi ni Weusi, ambao hawafiki hata theluthi moja ya wakazi. Sasa mtu aniambie: tabia ya watu ilibadilika Januari 2016, ikatulia, ikaharibika tena Mei 2020? Tabia haiendi hivyo. Kipo kinachofanywa na kipo kinachoachwa kufanywa.

Bunduki ndiyo ya kwanza. Kwetu mtu huzaliwa Malindi, akaoa, akazeeka, akazikwa, asiishike bastola hata mara moja. Hapa mpaka wa jimbo la Indiana uko pale pale jiji linapoishia upande wa kusini, na sheria za kule ni nyepesi. Ripoti ya jiji ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba bunduki sita kwa kila kumi zilizokamatwa zilitoka nje ya jimbo la Illinois, na Indiana ndiyo iliyoongoza. Mwaka 2021 polisi walikamata zaidi ya bunduki 12,000, na bado zimejaa. Tena siku hizi kuna kipande kidogo, ukubwa wa sarafu, kikipachikwa nyuma ya bastola huifanya iteme risasi mfululizo. Ugomvi ambao pale Buntwani ungeishia kwa makofi na kuchaniana mashati, hapa unaacha maiti, na mara nyingi maiti ya mtu mwingine kabisa aliyekuwa amesimama kituo cha basi.

Lakini bunduki zilikuwapo pia 2014, na mwaka ule mauaji yalikuwa machache. Kwa hiyo si bunduki peke yake.

Wenyeji wa kusini hunieleza habari ya magenge kwa namna ambayo magazeti hayaielezi. Zamani magenge yalikuwa makubwa, yana wakubwa wanaosikizwa. Mkubwa akisema basi, imekuwa basi. Serikali ikawafunga wakubwa hao miaka ya tisini. Kisha ikabomoa maghorofa ya serikali, yale ya Robert Taylor yakaisha kabisa 2007, na familia zikatawanywa mitaani. Mwaka 2013 zikafungwa shule karibu 50 kwa mpigo mmoja, watoto wakalazimika kuvuka mitaa wasiyotakiwa kuivuka. Kilichobaki ni vikundi vya vijana wa mtaa mmoja mmoja, hawana mkubwa, hawana hata biashara kubwa wanayoigombania. Wanagombania tusi. Mtu kamtukana marehemu wa wenziwe kwenye simu, usiku gari linapita taratibu.

Kuhusu ule mruko wa 2016, watu bado wanabishana. Novemba 2015 ilitolewa video ya polisi akimpiga kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, risasi kumi na sita. Ilikuwa imefichwa zaidi ya mwaka. Imani iliyokuwa imebaki ikakatika, na polisi nao wakapunguza sana kusimamisha watu barabarani. Wengine wanaona hiyo ndiyo sababu. Mimi nakumbuka jambo jingine la mwaka ule ule wa 2015, ambalo kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki lina uzito wa pekee. Daktari mmoja wa hapa, Gary Slutkin, alikwenda Somalia miaka ya themanini kutibu kifua kikuu na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi, baadaye akashughulika na ukimwi, Uganda ikiwemo. Aliporudi Chicago akaona mauaji yanasambaa kama yale maradhi: penye moja hutokea la pili, karibu na pale pale, baada ya siku chache. Mwaka 2000 akaanzisha mpango wa kuwaajiri watu wa mitaani, wengi wao wametoka jela, waende kwa waliofiwa usiku ule ule kabla hawajatoka kulipiza. CeaseFire, ndivyo ulivyoitwa. Kwetu tungesema ni wapatanishi. Kazi ambayo wazee wa mtaa walikuwa wakiifanya kibarazani bila mshahara. Mwaka 2015 serikali ya jimbo, katika mvutano wa bajeti, ikawakatia fedha. Mwaka uliofuata nimeshawatajia hesabu yake.

Halafu ikaja korona. Shule zikafungwa, vilabu vya vijana vikafungwa, korti zikazorota, na Wamarekani wakanunua bunduki mwaka ule kuliko mwaka wowote kabla yake. Mei George Floyd akauawa na polisi kule Minneapolis. Tarehe 31 Mei 2020 peke yake, Chicago waliuawa watu 18 ndani ya saa 24.

Mimi si mtaalamu, lakini nimekaa kando ya vitanda vya wagonjwa, na sababu ninayoitanguliza mbele ya zote ni hii: miaka hiyo, mara nyingi muuaji hapa hakukamatwa. Mwaka 2016 kesi za mauaji zilizofumbuliwa hazikufika theluthi moja. Kwa waliopigwa risasi wakapona, ni aibu zaidi. Kati ya 100, waliokamatiwa mtu walikuwa kama watano. Mfanyakazi mwenzangu, mama wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa, alimpoteza mwanawe Julai 2021. Alikuwa ametoka kununua chakula. Mtaa mzima ulijua gari lile ni la nani. Mpelelezi alikuja mara mbili, akaacha kadi, kisha kimya. Ulipotimia mwaka, mama yule alikuwa halii tena kwa ajili ya aliyekufa. Alikuwa akimchunga aliyebaki, mdogo mtu wa miaka 19, ambaye alikuwa hali wala halali, na ameanza kutembea na bastola. "Wanajua kwamba tunajua," aliniambia tukiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sikuwa na la kumwambia. Kijana wa miaka 19 anayejua muuaji wa kaka yake yuko nje, na kwamba muuaji naye anamwogopa, na nani atamwambia aiache ile bastola, na amwahidi nini?

Sasa nyumbani. Ndugu zangu wakinisikia hivi husema, umeona, rudi Malindi, huku maskini lakini salama. Sehemu moja wana haki. Malindi wapo watu maskini kuliko yeyote niliyemhudumia hospitalini. Machi 2020 ndege za watalii zilipokatika, mahoteli yakafunga, wapishi na watoto wa bichi na wachongaji wote wakarudi kukaa maskani. Mdogo wangu, mpishi, alikaa miezi minane bila kibarua. Njaa iliingia majumbani, unga wa mateja ukaendelea kuuzwa kama kawaida, wizi ukawapo. Risasi hazikuwapo. Anayesema umaskini ndio unaoua Chicago, na amtazame mdogo wangu mwaka ule.

Ila hilo la salama, nauliza, salama kwa nani?

Sisi wa mjini, wa Shela na Majengo, tumekua tukisikia kwamba huko mashambani kwenye kaunti yetu ya Kilifi, Magarini, Ganze, Kaloleni, wazee wanakatwa mapanga usiku kwa kuitwa wachawi. Tulikuwa tukitingisha vichwa: "Kwani hao watu wana nini?" Swali la mama, neno kwa neno. Mzee ana mvi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, mtoto wa jirani kaugua, basi kapatikana mwenye kosa. Ukichimba, mara nyingi chini ya uchawi kuna shamba. Mzee ndiye mwenye ardhi, hati haijatoka au imetoka kwa jina lake, bei za viwanja zimepanda, na kuna kijana wa ukoo anayetaka kuuza. Anayeshukiwa ni mpwa, anayeweza kutoa ushahidi ni shangazi, na wote wanakula chungu kimoja. Kesi inafunguliwa, shahidi haonekani, faili linakaa. Mwaka haujaisha, mzee mwingine kijiji cha pili. Huko Ganze, Kaya Godoma, imebidi wazee wapewe mahali pa kukimbilia, watu waliofukuzwa kwenye migomba waliyoipanda wenyewe. Na hii ni kaunti ambayo mji wake wa Malindi umemsimamishia sanamu Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewakabili Waingereza mwaka 1913.

Panga haliui kumi kwa dakika kama bastola yenye kile kipande. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaidogosha. Lakini kijana wa Magarini amejifunza lile lile alilojifunza kijana wa kusini mwa Chicago: kwamba ukiua mtu wa aina fulani, hutaulizwa.

Na lipo jambo moja ambalo Chicago wanatuzidi. Wanahesabu. Kila aliyeuawa ana tarehe, ana mtaa, jiji linaweka kesi moja moja kwenye tovuti mtu yeyote asome, na meya hupigiwa kelele kwa hesabu hiyo mwaka mzima. Ndiyo maana mama anaijua. Hajawahi kuniambia Jumatatu ni wazee wangapi wameuawa Magarini, na Magarini ni jirani. Shakahola mwaka 2023 ilitolewa miili zaidi ya 400 kwenye msitu ulio ndani ya kaunti yetu, wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao waliofunga njaa mpaka kufa, na majirani wa karibu walikuwa wamekwisha kusema. Hesabu ilianza makaburi yalipofukuliwa.

Nataka waliouawa Kilifi wahesabiwe hivyo, jina kwa jina, na bunge la kaunti liulizwe kila mwezi kesi ngapi zimefika kortini. Nataka mashahidi walindwe. Nataka mirathi na hati za mashamba zimalizwe wazee wakiwa hai, mbele ya chifu na watoto wote wamekaa, asibaki kijana wa kungoja.

Desemba iliyopita nilikuja nyumbani, nikaenda Marafa, huko Magarini, kumwona rafiki yangu tuliyesoma pamoja. Babu yake alikatwa panga mwaka 2009 akitoka mnazini, na hakuna aliyefungwa. Mama yake rafiki yangu sasa amepita miaka sabini. Alikuja kunipokea chini ya mwembe, nywele nyeusi tititi, nikamsifu kwamba hazeeki. Akanishika mkono akanivuta ndani, akanionyesha mizizi, nyeupe yote. Anapaka piko kila wiki tangu mjukuu wa jirani alipougua. Akaniomba nikishuka mjini nimpelekee pakiti mbili zaidi, aliyonayo haitamfikisha mwaka mpya.