Makumbi yaliyonasa rangi yapelekwe wapi?

Hapa Lamu, mwanamke anayetia rangi miyaa ya mikeka huchemsha maji, hutia rangi ya unga, huzamisha miyaa hadi ikolee, kisha humwaga maji yaliyobaki uani au kwenye mtaro unaoteremka baharini. Mama yangu mkubwa amefanya hivyo miaka yote niliyomjua, wala sikumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Naamini njia ipo, tena imelala uani mwake: ni makumbi ya nazi, yanayoweza kunasa rangi maji hayo yakichujwa kwayo kabla ya kumwagwa.

Makumbi yanafaa kwa sababu ileile inayoifanya miyaa ikolee. Yote mawili yana selulosi na lignini, yaani viambato vinavyojenga nyuzi za mimea, na katika maji ya kawaida uso wa nyuzi zake huwa na chaji hasi. Rangi zenye chaji chanya, kama methilini buluu ambayo watafiti huipenda katika majaribio yao, huvutwa na uso huo zikanasa. Mwaka 1918 mwanakemia Mmarekani Irving Langmuir alieleza jinsi molekuli zinavyojaza nafasi za uso mpaka ziishe, na ndiyo maana kila fungu la makumbi lina kikomo chake. Vifuu vikichomwa kuwa mkaa, na mkaa huo ukapitishiwa mvuke wa moto mkali, gramu moja inaweza kufikisha uso wa mita za mraba 1,000. Lakini kazi hiyo ina gharama, nami napendelea tuanze na makumbi ghafi, yaleyale yaliyosokotewa kamba za kushonea mitepe, vyombo vya kale vya baharini vya visiwa hivi.

Hata hivyo, yanahitaji matayarisho. Nilipojaribu nyumbani kwa ndoo moja, maji ya kwanza yalitoka ya kahawia kwa sababu ya tanini, yaani rangi ya asili ya makumbi yenyewe, nikaona nimeongeza uchafu badala ya kuupunguza. Makumbi hayana budi kukatwakatwa, kuchemshwa na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Rangi zenye chaji hasi nazo hazishiki vizuri ila maji yakitiwa asidi, na chumvi ya visima vyetu inaweza kugombania nafasi na rangi. Kwa hiyo maji yaliyochujwa hivi, hata yakiwa meupe machoni, si ya kunywa wala ya kupikia.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba wengi wanaoisifu njia hii husimulia jinsi maji yalivyotakata, kisha hunyamaza, ilhali rangi yote iliyotoka majini sasa imo katika makumbi. Yakitupwa pwani, maji ya bahari yanaweza kuiachilia tena. Yakiachwa vichochoroni, punda watayatafuna. Yakitiwa mekoni kama kuni, moshi wake utamfikia mpishi. Mama mkubwa aliponisikiliza hadi mwisho aliuliza jambo moja tu, ni nani atakayekuja kuyachukua, nami sikuwa na jibu la kumpa. Ndiyo maana naiomba serikali ya kaunti, kabla ya yeyote kuwagawia kina mama ndoo za kuchujia, itenge mahali penye paa pa kuyakaushia, mbali na visima, iweke siku ya kuyakusanya kwa magunia, na iyapeleke kwenye tanuri la moto mkali lisilokaribiana na makazi ya watu.