Kabla ya Mjerumani, Walifika Mbwa

Nilitoka Soni, kwenye milima ya Usambara, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, nikiwa na mbwa wawili wa mjomba wangu. Mkubwa anaitwa Simba, mdogo Popi. Mjomba alinipa fimbo na onyo moja: nisiwaachie karibu na kuku wa watu. Tulikuwa tunapanda Vuga. Bodaboda zipo, ila nilitaka kufika kama alivyofika Mbegha, mfalme wa kwanza wa Wasambaa, kwa miguu, mbwa wakitangulia.

Mgeni anayekuja Usambara hupelekwa Irente akaangalie tambarare ya Mazinde kule chini, kisha huonyeshwa majengo ya Kijerumani na kuambiwa kwamba Lushoto iliwahi kuitwa Wilhelmstal. Siikatai historia hiyo. Kinachoniuma ni kuianzia hapo. Mmisionari Krapf alipopanda milima hii mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi iliyoteremka hadi kuikaribia bahari, na kiti chake kilikuwa Vuga. Kabla ya Kimweri walishapita wafalme wengine, na wa kwanza wao, Mbegha, wazee wanamtaja kama mwindaji wa nguruwe pori aliyetoka nchi ya Ungulu. Alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamhesabu mkosi. Akaondoka na mbwa wake, akaingia milimani, akawaua nguruwe na kuwagawia watu nyama. Nao wakampa chakula cha shambani, na mwishowe wakampa nchi.

Nimeisikia simulizi hiyo tangu utotoni na kila mara niliiona kama hadithi ya kulalia. Nyama tu, na mtu anapewa ufalme?

Jibu nililipata kwenye shamba la mama mmoja, juu kidogo ya njia, mahali mikalitusi inapoishia na mahindi kuanza. Simba alisimama ghafla, manyoya ya mgongoni yamemsimama, pua chini. Popi akajibana miguuni kwangu. Mbele yetu udongo ulikuwa umefukuliwa kana kwamba limepita jembe la ng'ombe, mabua yamelazwa, viazi vitamu vimeng'olewa na kutafunwa nusu, na kwenye tope kulikuwa na alama za kwato mbili mbili, maji bado yakijichuja ndani yake. Nilimwamkia mwenye shamba, "Onga makeo," akaitikia huku akiendelea kuokota vilivyosalia. Alikuwa ametoka kwenye dungu alikokesha akipiga debe. "Mwanangu, usiku wa kuamkia leo nilisinzia kidogo tu," aliniambia. "Kidogo tu." Kisha akawatazama wale mbwa kwa muda mrefu, akauliza kama ni wa kuuzwa.

Pale nilielewa. Mtu akikuokolea mavuno ya mwaka mzima, tena akakuletea kitoweo, hujauziwa hadithi. Wasambaa walimpima Mbegha kwa shamba lililobaki salama, na kipimo hicho mimi nakiheshimu kuliko cha bunduki na bendera vilivyokuja baadaye. Na kazi yenyewe hakuifanya peke yake. Mwenye kumnusa nguruwe gizani, kumzingira kwenye kichaka na kupasuliwa kwa meno yake ni mbwa.

Ndiyo maana nasikitika nikiona watoto wetu wakiwarushia mawe mbwa njiani. Nyumba nyingi za huku ni za Waislamu, na najua mate ya mbwa ni najisi. Mjomba mwenyewe ana chombo chao mbali na vyombo vya ndani. Lakini aya ya 4 ya Surat Al-Maida inaruhusu kula kilichonaswa na wanyama waliofunzwa kuwinda, kwa hiyo dini haijamnyima mbwa kazi yake wala haki ya kutendewa vyema. Apewe maji, apewe chanjo ya kichaa cha mbwa, na asiingizwe kwenye misitu ya hifadhi, ambako wanyama wana ulinzi wao. Ni mambo madogo.

Tulifika Vuga jua likiwa utosini. Asiyejua anaweza kupita bila kugundua kwamba hapa ndipo palipokuwa makao ya mfalme aliyeitwa Simba Mwene. Migomba, mapaa ya mabati, watoto wakitoka shule. Nilimsalimu babu mmoja aliyekaa barazani, nikaomba ruhusa ya kupumzika, maana ardhi ya watawala haikanyagwi ovyo. Nikamuuliza kama mbwa wakae nje ya ua.

"Wanaitwaje?" akauliza.

Nilimwambia. Kusikia jina la Simba akatabasamu, akasogeza fimbo yake kupisha njia. "Basi huyo aingie, mjukuu wangu. Wenzake walifika hapa zamani."

Simba hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alizunguka mara mbili chini ya mgomba, akajilaza kwenye kivuli na kuanza kulamba mwiba uliomchoma kwenye wayo. Popi akalala ubavuni pake. Babu akaagiza maji yaletwe kwenye kifuu cha nazi, akayaweka chini kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akaanza kunisimulia habari za Mbegha, tangu Ungulu.